Bigijii Juu ya Taa Nyekundu

— Mama, kaa mbele, huko nyuma utaanguka!

— Nikae bega kwa bega na mkwe? Watu wa Kibiti watanisema mpaka Ramadhani. Endesha, baba.

Bi Mwanawetu akajikunja juu ya turubai, nyuma ya viti viwili vya kile kigari chekundu cha spoti. Kilikuwa kikuukuu, cha enzi za Mwingereza, ila Badru alikipaka rangi kikang'aa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa miaka ile, naye alinunua kamba wabichi Nyamisati na kuwapeleka Dar. Sasa alimtaka Mwantumu, binti wa Bi Mwanawetu. Lilibaki neno la mjomba tu, Mzee Mwinjuma wa Ikwiriri. Bila yeye posa haipiti, na leo walikuwa wakimwendea.

Badru akavuta choki, akawasha, gari likanguruma. Mwantumu akacheka peke yake.

Pale nyuma Bi Mwanawetu aliiona dashibodi yote katikati ya mabega yao: mishale, swichi, na vifundo vyeusi viwili asivyojua kazi yake.

— Mkwe wangu, Dar huna mke?

Badru akacheka, akampa bigijii bila kugeuka.

— Tafuna, mama. Njia ndefu.

Akatafuna. Mwantumu naye akapewa yake.

Walikuwa wameiacha Kibiti mbali Mwantumu alipoinama.

— Badru, taa nyekundu inawaka.

— Urembo tu huo.

— Pameandikwa oili.

— Unaendesha wewe?

— Nimeuliza tu. Mbona...

— Mwantumu! mama akamkatiza. Mwanamume hachunguzwi hivyo. Utamkimbiza.

Badru akatoa bigijii mdomoni, akaibandika juu ya taa. Wekundu ukapotea. Mwantumu akatazama mikorosho ikipita.

Haukupita muda, injini ikagonga ko-ko-ko, moshi ukafuka, gari likafa katikati ya barabara. Badru akapiga usukani kwa ngumi.

— Wanawake mna mikosi! Nasma naye ndiyo hivyo hivyo, taa ikiwaka tu kelele, mpaka nikaziziba!

Bi Mwanawetu akanyoosha mkono, akakwangua kimoja cha vile vifundo vyeusi kwa ukucha. Kikabanduka. Ilikuwa bigijii ya zamani, imekauka, na chini yake taa nyingine inawaka.

— Nasma ndiye nani? Mwantumu akauliza.

— Achana na hayo, tusukume gari.

— Badru. Nasma ndiye nani?

— Mama watoto wangu. Yuko Mbagala. Ningekwambia tukishaoana.

— Nilikuuliza siku ya kwanza. Nikakuuliza tena sikukuu ya Idi.

— Ungekubali uke wenza wewe?

— Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua.

Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Akatoa bigijii mdomoni, akakishika kiganja cha Badru, akaiweka humo.

— Shika. Nasma akiuliza nilikuwa nani, utaihitaji.

— Mwantumu, mpenzi, nakupenda, Wallahi!

Akashuka. Bi Mwanawetu naye akashuka kwa tabu, kanga imejaa vumbi, akatema ya kwake majanini. Lori la mpunga likasimama, wakapanda.

Huko juu ya magunia mama akashindwa kuvumilia.

— Sasa mjomba wako tutamwambia nini?

— Mwambie nimeuliza, mama.

Bi Mwanawetu akamfunika kanga kichwani, jua lilikuwa kali, wakaenda mpaka Ikwiriri.