Kipande cha Mwisho cha Njia ya Kijani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa, Kengele alikuwa ameshajaza upepo baiskeli mbili: yake, na ile ya bibi yake yenye magurudumu matatu na kikapu nyuma. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine kabisa, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Siku aliponunuliwa baiskeli alipiga kengele kutwa nzima, hata kuku aliwapigia wampishe, na tangu hapo jina likamganda.

Jumamosi hiyo shangazi yake alifika mapema, daftari mkononi. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya bustani za jiji. Jiji lenyewe lilikaa kando ya bahari, na miti yake ilikuwa mingi hivi kwamba ukilitazama kutoka kilimani ungedhani msitu umemeza mapaa ya nyumba.

"Tumepanga njia tatu za baiskeli, za kujifurahisha tu," shangazi alisema huku akivuta kiti. "Ya bluu, ya njano na ya kijani. Tunazifungua Jumapili ijayo. Ramani inakwenda kwa mpiga chapa Alhamisi. Sasa, tumezipanga kwa ramani ya zamani tu, na mimi nina miguu mirefu, kila mlima naona tambarare. Nataka mtoto apite njia ya kijani, kipande kwa kipande, aniandikie alichokiona."

Kengele alilifungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa na maswali yaleyale: Kuna kivuli? Kuna bomba la maji? Kuna mlima? Kuna ngazi?

"Njia yote, shangazi?"

"Yote. Na saa sita uwe umerudi kula."

Kengele alimpitia rafiki yake Miwani, wakaondoka wakiimba. Njia ilianzia maktabani, ikafuata mfereji mpana chini ya miti iliyoshikana matawi juu kama watu wanaonong'onezana. Waliandika kila kitu. Kivuli kipo. Bomba lipo, na maji yake ni baridi. Kuna mlima mfupi; Miwani alishuka akasukuma, Kengele hakushuka lakini alitamani. Kwenye kidaraja cha mbao walirudi na kuvuka mara tatu, eti kuhakikisha, kumbe walipenda tu mbao zilivyokuwa zikigonga chini ya magurudumu.

Kilomita ya sita iliwafikisha kwenye kitalu cha miche cha jiji. Mipira ya maji ilikuwa imefunguliwa, ikirusha maji juu ya vitanda vya maua. Jua lilikuwa kali. Wakatazamana mara moja tu, baiskeli zikalazwa kwenye majani, na watoto wakaingia kwenye maji na nguo zao. Waliruka, wakafukuzana, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Walipokumbuka saa, ilikuwa saa sita kasorobo.

"Bado kipande cha mwisho, cha kushukia ufukweni," alisema Miwani, akikamua shati.

"Kipande hicho nakijua," alijibu Kengele. "Nilipita na baba mwaka juzi." Akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika harakaharaka: Kivuli kipo. Bomba lipo. Hakuna mlima. Hakuna ngazi.

Miwani alifuta miwani yake kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka.

Mezani, shangazi alilipitia daftari akitabasamu. "Kazi safi! Hata kidaraja umeeleza kinavyolia."

"Hakuna ngazi?" aliuliza bibi. "Basi njia yetu ni hiyo. Nitawaambia wenzangu wa mazoezi. Tuko watano, wote magurudumu matatu. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Ngazi kwake ni mwiko."

Kengele alisukuma sahani kando. Alijiambia kwamba ngazi hazipo kweli, kwamba alipita pale na baba na hakuziona. Lakini siku zilivyosogea, kila bibi alipotaja safari, alizidi kupata shaka. Jumatano baada ya shule hakuweza kuvumilia tena. Alimchukua Miwani wakaenda kuangalia.

Walipita kitalu, wakakata kona, na njia ikakoma. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeila njia ya zamani, na mahali pake palijengwa ngazi za saruji, zikishuka mpaka mchangani. Miwani alizihesabu. Thelathini na nne. Bomba lilikuwepo, lakini halikuwa na koki wala tone la maji.

"Labda nimehesabu vibaya," alisema Miwani kwa sauti ndogo.

"Hata zingekuwa nne, bibi angezishukaje?"

"Mwambie njia ya bluu ina maua mazuri zaidi. Atabadilisha mwenyewe, na hakuna atakayejua."

Kengele alilifikiria wazo hilo, na lilikuwa tamu. Kisha akatikisa kichwa. "Bibi atabadilisha. Na wengine watakaoshika ramani? Twende ofisini."

Shangazi alikuwa ameinamia meza ndefu, ramani imetandazwa, kalamu ya kijani mkononi. Kengele alisimama mlangoni akihema, akayasema yote kwa pumzi moja: maji ya kitalu, ukurasa wa mwisho, ngazi thelathini na nne. "Niliandika bila kufika, shangazi. Nilidanganya."

Shangazi aliweka kalamu chini.

"Maji ya kitalu yalikuwa baridi?"

"Baridi sana, shangazi."

"Mimi nimekasirika," alisema shangazi taratibu. "Nimekasirika kwa sababu kesho saa nane karatasi hizi elfu mbili zingekuwa zinachapwa. Lakini umekuja leo, kwa miguu yako. Basi kaa hapa tuitengeneze. Kipande hiki ni chako na utakimaliza."

Alipitisha kidole kwenye ramani, kikasimama nyuma ya kitalu. "Hii ni njia ya matoroli ya wafanyakazi. Inashuka polepole hadi ufukweni. Ila sijui kama baiskeli ya magurudumu matatu inapita kwenye lile geti. Itabidi tuijaribu kwa baiskeli ya bibi yako."

"Nikimwomba, ataniuliza ni ya nini."

"Atakuuliza, ndiyo."

Nyumbani, bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Kwa hiyo tungefika pale, vikongwe watano, halafu tufanye nini? Tubebane?" Akaanza kucheka, kisha kicheko kikaisha. "Mjukuu wangu, ningemwingiza mwenzangu mwenye nyonga mbovu kwenye shida kwa neno lako. Kachukue baiskeli. Na uiendeshe wewe."

Baiskeli ile ilikuwa nzito kama ng'ombe mkaidi. Kengele aliikanyaga hadi kitalu, shangazi na Miwani wakimfuata, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza akajua bibi yake hufanya kazi gani kila asubuhi. Mtunza kitalu, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, aliwapokea getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyinyi si ndio mliokoga kwenye maua yangu?"

Watoto waliinamisha vichwa. Shangazi akageukia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Geti lilifunguliwa. Kengele alisukuma baiskeli pole pole, na magurudumu ya nyuma yakapita yakibakiza upana wa kidole. "Inapita!" alipiga kelele Miwani, kana kwamba timu yake imefunga bao. Lakini njia ilikuwa imejaa matawi makavu na majani.

"Jumapili getini hapafunguliwi," alisema mtunza kitalu. "Ila mkinisafishia njia hii yote, nitakuja kufungua mwenyewe."

Kengele aliandika ukurasa mpya palepale, akitembea hatua kwa hatua. Kivuli kipo mpaka getini, baada ya hapo jua. Bomba la ufukweni halina maji, beba chupa. Mteremko mdogo, shika breki. Ngazi hakuna, nimefika mwenyewe. Jumamosi yote yeye na Miwani walishinda na reki na toroli, malengelenge yakawatoka viganjani. Safari hii hakuna aliyegusa mipira ya maji, mpaka mtunza kitalu mwenyewe alipoifungua saa tisa na kuwaelekezea.

Jumapili jiji lilimiminika. Akina baba walibeba watoto mbele ya baiskeli, vijana walikuja na baiskeli za rangi za kila aina, na wazee watano wakatangulia kwenye njia ya kijani kama msafara wa wafalme. Getini mwalimu mstaafu aliinua mkono kumsalimu mtunza kitalu, akashuka mteremko akipiga vigelegele vya kike, bibi akamcheka hadi akakosa pumzi. Ufukweni walivua viatu wote.

Shangazi alikaa mchangani karibu na Kengele, ramani mpya magotini.

"Unawaona hawa? Wengi hawakujui," alisema. "Wamekuja hadi hapa kwa sababu karatasi imewaambia njia inafika. Mtu akiandika neno kwa ajili ya wengine, ni kama amewashika mkono. Asipofika mwenyewe, anawashika mkono akiwa amefumba macho. Ulikosea, ukasema ukweli mapema, kisha ukafanya kazi mpaka kosa likaisha. Ukweli peke yake usingeondoa zile ngazi, na kazi peke yake isingenirudishia imani yangu kwako. Umefanya vyote viwili."

Kengele alitaka kujibu, lakini bibi alikuwa ameshapanda baiskeli yake.

"Nyinyi wawili, mnahubiriana mpaka lini? Mwalimu anasema atanishinda mpaka kwenye kidaraja!"

Kengele akaruka, akaikimbilia baiskeli yake miguu ikiwa bado na mchanga, akawafuata.