Swali la Maji Katika Redio

Laurentia alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndivyo yalivyokuwa kila siku, tangu bomba la kijiji lilipokufa masika ya mwaka juzi. Alipita mbele ya bomba hilo akalitazama kwa chuki. Mpini wake ulining'inia tu, na kuku walikuwa wameufanya mahali pa kulala.

Alipofika nyumbani kwake, kijijini Mbwawa, alikuta manyoya mekundu uani. Aliyajua.

"Didas! Jogoo wangu yuko wapi?"

Mume wake alitoka ndani polepole. "Balozi amemchukua. Leo anakuja mtu wa redio kutoka Dar es Salaam. Uchaguzi mkuu umekaribia, wanazunguka kujitayarisha. Kila nyumba imetakiwa kutoa kitu."

"Na wewe ukatoa jogoo wangu."

"Ni mgeni wa kijiji, Mama Stella."

"Mgeni wa kijiji! Mwezi uliopita nilikuwa nimelala hospitalini na mtoto wako anahara damu. Kijiji kilikuwa wapi?"

Didas aliinama kuokota manyoya. Stellamaris, binti yao mdogo, alikuwa amepona, lakini miguu yake ilibaki myembamba. Daktari alisema ni maji. Akasema tena kwamba mtoto akiugua mara ya pili huenda asipone. Laurentia aliyachemsha maji ya nyumbani. Lakini mtoto hunywa popote anapocheza, na huwezi kumfuata na sufuria kijiji kizima. Hofu hiyo ililala naye na kuamka naye, na ndiyo iliyomfanya awe mkali.

Mchana watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Balozi Hemedi. Hemedi alikuwa kiongozi wa nyumba kumi, mtu mwema, mwenye kusaidia watu. Kasoro yake ni moja: aliogopa aibu kuliko nyoka. Kila mgeni aliyekuja, awe bwana shamba au bwana afya, alipigiwa ngoma na kusomewa risala. Katika risala mgeni husifiwa, na kijiji nacho hujisifu. Mgeni hula akashiba, akapanda gari lake, akaenda zake.

Landrova ya redio ilipofika ngoma zililia. Akashuka mtu wa makamo aliyeitwa Onesmo. Begani alibeba mkoba mzito wenye mashine ya kunasa sauti. Alisalimia wazee, "Shikamooni," wakamjibu. Kabla hajakaa vizuri, Hemedi alikwishasimama na karatasi yake.

"Ndugu mgeni wetu," alisoma. "Kijiji chetu kina umoja na bidii ya kazi. Na kwa upande wa maji, tunashukuru kwamba tuna bomba la kisasa..."

Watu wakapiga makofi. Hata wanawake waliokuwa bondeni asubuhi ile, ndoo kichwani, nao walipiga makofi. Hilo ndilo lililomchoma Laurentia.

"Bomba lipi?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Watu wote waligeuka. Didas alimvuta khanga. Laurentia akaichomoa mkononi mwake.

"Mama Stella, keti," Hemedi alisema. "Mambo ya nyumbani hatuyaaniki mbele ya mgeni."

"Mficha uchi hazai, Hemedi," alisema Bi Kidawa, mkongwe kuliko wote pale. "Mwache mwanangu aseme."

Laurentia aliondoka. Alikwenda nyumbani kwake, akachota kikombe cha maji kutoka kwenye ile ndoo, akarudi nacho mpaka mbele ya Onesmo. Akapiga goti kwa adabu.

"Karibu maji, ndugu. Ndiyo ya bomba letu la kisasa."

Onesmo alitazama ndani ya kikombe. Kijidudu kilikuwa kinaogelea.

"Ndugu, tuwie radhi," Hemedi alisema huku jasho likimtoka. "Mwanamke huyu ana hasira."

"Ninazo!" Laurentia alisema. "Na nitakuwa nazo mpaka kesho!"

Onesmo aliweka kikombe chini taratibu. "Balozi, risala yako nimeisikia. Lakini mimi si mgeni rasmi. Sikuja kukagua kijiji. Sina cheo cha kukupa wala cha kukunyang'anya."

"Sasa umekuja kwa kazi gani?"

"Kukusanya maswali. Katika jimbo hili wagombea ubunge ni wawili. Ndugu Evodius ana alama ya jembe. Ndugu Husseini ana alama ya nyumba. Ninanasa swali la mwananchi, kisha ninawapelekea wote wawili, kwa maneno yale yale. Kila mmoja anapewa muda ule ule, tunaupima kwa saa. Hakuna anayesikia jibu la mwenzake kwanza. Wapiga kura wakisikia majibu yote mawili, wanapima wenyewe. Sasa nikipeleka risala ya kusema hapa hamna shida, wagombea watajibu nini?"

Hemedi aliikunja karatasi yake.

"Mama, wewe una swali," Onesmo alimwambia Laurentia. Akamsogezea kipaza sauti, akawasha mashine.

Loo! Laurentia aliyafungulia matusi. Hemedi ni mnafiki. Didas ni mwoga anayegawa kuku wa watu. Wagombea wote hukumbuka njia ya Mbwawa wakati wa kura tu, na bora miguu iwaote vidonda. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Onesmo alizima mashine, akairudisha nyuma, akamsikilizisha. Laurentia aliduwaa. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Lakini hii siwezi kuirusha hewani. Balozi si mgombea, wala mume wako. Na wagombea wakisikia matusi watajibu matusi. Maji watayakwepa. Umewafungulia mlango wa kukimbilia."

"Sasa nifanyeje?"

"Sema ni kitu gani kimeharibika. Kiko wapi. Tangu lini. Kimemdhuru nani. Kisha uliza, halafu nyamaza."

"Na hasira yangu?"

"Baki nayo. Toa matusi tu."

Laurentia alivuta pumzi. Aliposema tena, hakuna aliyecheka.

"Mimi ni Laurentia, wa Mbwawa. Bomba letu limekufa tangu masika ya mwaka juzi. Tunakunywa maji ya shimo la bondeni, pamoja na mbuzi. Mwanangu alihara damu, nusura afe. Nawauliza wagombea wote wawili: mtafanya nini ili bomba hili litoe maji, na mtaanza lini?"

Akanyamaza. Akamrudishia Onesmo kipaza sauti.

Kisha chakula kililetwa. Laurentia alikula paja la jogoo wake mwenyewe, na hakumwomba mtu ruhusa.

"Mbona mnaanza mapema hivi?" Didas aliuliza. "Kura bado."

"Siku ya kura ni ya kuvuna," Onesmo alijibu. "Kulima ni sasa. Tunajaribu simu za posta, Kibaha na Kisarawe. Tunapanga mtu wetu katika kila mahali pa kuhesabia kura. Simu ikikatika, tuwe na pikipiki ya kupeleka habari. Tunajifunza hata kutamka majina ya vijiji vyenu."

"Na mshindi mnamjuaje?" Bi Kidawa aliuliza.

"Mtaani wakisema jembe limeshinda, mtu wetu ananyamaza. Anamngoja msimamizi wa uchaguzi atangaze. Ndipo anasoma hesabu kwa simu, na aliyeko Dar es Salaam anamsomea tena, wahakikishe hakuna kosa. Nanyi fanyeni hivyo. Msishangilie uvumi."

Hemedi alikuna kichwa. "Uchaguzi uliopita tulipiga ngoma kwa maneno ya dereva wa lori. Kesho yake tukasikia ameshinda mwingine. Tulificha nyuso."

Baada ya siku chache swali lilitoka redioni. Kijiji kizima kilikaa mbele ya redio ya Hemedi. Stellamaris aliposikia sauti ya mama yake alizunguka nyuma ya redio kumtafuta. Ndugu Evodius alijibu kwanza. Alisema maji ni uhai, na umoja ni nguvu, na saa yake ikaisha. Ndugu Husseini alisema bomba linahitaji fundi, na kijiji kinahitaji kuteua mtu wa kulitunza na kutoa taarifa likiharibika. Watu walitazamana. Sasa walikuwa na kitu cha kupima.

Lakini wagombea hawakuwa peke yao waliosikiliza. Wiki iliyofuata, kabla ya kura, alikuja fundi wa maji wa wilaya. Alifungua bomba, akatoa kipande cha ngozi kinachovuta maji, kilichochakaa, hakizidi kiganja cha mkono. Akaweka kipya. Laurentia alishika mpini akapiga, akapiga, akapiga. Maji yakatoka, meupe.

Wengine walipiga vigelegele. Laurentia hakupiga.

"Ni hicho tu?" aliuliza. "Kipande cha ngozi?"

"Hicho tu, mama. Tunavyo tele."

"Kwa nini hamkuja miaka yote hii?"

Fundi alishangaa. "Mbona nilikuja? Mwaka jana, pamoja na bwana afya. Nikasomewa risala kwamba bomba linafanya kazi vizuri. Nikala, nikaondoka."

Vigelegele vilikatika. Laurentia alimshika Stellamaris mkono, akamsogeza mpaka mbele ya Hemedi.

"Itazame miguu yake, Balozi."

Hemedi aliitazama. Machozi yalimlengalenga. "Nisamehe, mama," alisema. "Niliona haya kwa ajili ya kijiji."

"Haya yako ilikuwa inaniulia mtoto," Laurentia alisema. "Nasi tuliopiga makofi tulikuwa tunakusaidia," Bi Kidawa aliongeza.

Siku hiyo hiyo walimteua Laurentia kuwa mtunza bomba. Likianza kukoroma tu, alipeleka taarifa wilayani. Siku ya kura walipanga foleni tangu alfajiri, na matokeo waliyangoja redioni bila kugusa ngoma. Watoto wakaacha kuugua matumbo.

Bwana afya alipokuja tena, Hemedi alikwenda kumpokea barabarani, mikono mitupu.

"Karibu, ndugu," alisema. "Choo cha shule kimebomoka. Twende nikuonyeshe."