Kijana wa Mzee Crane

Jumamosi moja mwaka 2001, soko la Walthamstow, London, likiwa limefurika watu, Nyambura alisimama nyuma ya kaunta ya duka la miwani alikofanya kazi na kuita, "Leslie Crane." Macho yake yalimtafuta bibi wa Kizungu mwenye mvi. Alishamwekea kando kikasha cha rangi ya waridi.

Aliyeinuka ni mwanamume mweusi, mrefu, amevaa koti la buluu la mafundi wa lifti.

"Leslie ni wewe?"

"Ndiye mimi. Ulimtaka nani?"

"Mama mmoja mzee."

"Basi nipe miwani yake. Nikikutana naye nitampa."

Nyambura alicheka hadi meneja akageuka. Leslie aliondoka na kikasha kile kile cha waridi, na Jumatatu akarudi akidai miwani inambana. Haikuwa ikimbana.

Walizungumza Kiingereza, maana Leslie hakujua Kiswahili. Mama yake, mwanafunzi kutoka Kenya, alifariki Leslie akiwa hajaanza kutambaa. Majirani Wazungu, dereva wa basi aliyeitwa Crane na mkewe, walimchukua, wakamlea na kumpa jina lao.

"Crane kwenu ni ndege gani?" Leslie alimwuliza Nyambura siku moja kwenye simu.

"Korongo. Miguu mirefu, na anatembea kama mwenye shamba."

"Hapo umenisema mimi."

Tangu siku hiyo akawa Korongo wake. "Korongo wangu, umekula?" "Bado, mpenzi. Nakusubiri unialike."

Walipoanza kuzungumzia ndoa, Nyambura alimpigia mjomba wake Jotham wa Ilford, aliyempokea alipofika Uingereza kutoka Kenya.

"Anaitwa nani?" mjomba aliuliza.

"Leslie."

"Huyo si msichana?"

"Ni mwanamume, Mjomba."

"Mzungu?"

"Ni Mwafrika."

"Mwafrika wa nani?"

Hapo ulimi ukamteleza, akadanganya. "Nyumbani anaitwa Kamande. Watu wake wako Murang'a."

Alikusudia kumweleza Leslie kabla ya Jumapili, siku waliyoalikwa kwa mjomba. Kila siku aliahirisha, na Jumapili ikafika. Nyambura alivaa gauni la kijani, Leslie suti ya kijivu. Mjomba Jotham alifungua mlango akitabasamu.

"Karibu, Kamande. Watu wa Murang'a hawajambo?"

Katika maneno yote hayo Leslie alishika neno "karibu", alilofundishwa na Nyambura, na lile jina lisilo lake. Alimtazama Nyambura, naye akainamisha macho. Hata hivyo alikaa, akanywa chai, akala chapati, akamshukuru mwenyeji. Walipofika stesheni ndipo aliposema.

"Kamande ni nani?"

"Ni jina tu, Leslie. Niliogopa wasingekuelewa."

"Ulinionea aibu."

"Si wewe."

"Basi ni baba yangu," alisema taratibu, akapanda treni peke yake.

Wiki mbili hakupokea simu. Nyambura alipochoka kulia alipanda basi hadi Edmonton, kwa Mzee Crane. Mzee alikuwa mjane sasa, amevaa sweta lililotoboka kiwikoni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alipofika miaka kumi na mbili," mzee alisema, "tulimwambia anaweza kuchukua jina la mama yake, sisi hatutaumia. Alilifikiria siku nzima. Jioni akasema atabaki Crane. Nilikwenda kukata majani uani ili mke wangu asinione nikilia."

Kutoka hapo Nyambura alikwenda moja kwa moja Ilford. Mjomba Jotham aliposikia ukweli alikunja uso.

"Kwa hiyo ulinifanya nimwite mgeni wangu jina la uongo, ndani ya nyumba yangu."

"Nisamehe, Mjomba."

"Mimi nitakusamehe. Huyo kijana je?"

Siku iliyofuata Nyambura alimngoja Leslie nje ya jengo alimokuwa akitengeneza lifti. Alitoka na mafuta mikononi, akasita alipomwona.

"Nimemwambia mjomba kila kitu," Nyambura alisema. "Amekasirika. Amesema ukitaka kunioa uje na baba yako."

"Baba yupi?"

"Una wangapi?"

Leslie alitazama viganja vyake vichafu. "Mmoja," alisema.

"Basi mlete. Na mimi nataka kuitwa Nyambura Crane, kama bado unanitaka."

Leslie alimkumbatia pale pale kwenye ngazi, na koti jeupe la Nyambura likaharibika kabisa kwa mafuta.

Jumapili hiyo sebule ya Ilford ilijaa wazee wa Kikenya. Mzee Crane aliketi wima katikati yao, tai imemkaba, asijue neno hata moja la Kiswahili. Mjomba Jotham aligeukia Kiingereza ili mgeni asiachwe nje.

"Kijana huyu anasemewa na nani?"

Mzee Crane alisimama. "Na mimi," alisema. "Ni mwanangu."

Mjomba Jotham aliwatazama wenzake, kisha akasogea pembeni kwenye kochi. "Njoo ukae hapa karibu nami, mzazi mwenzangu," alisema. "Tuna mengi ya kuzungumza."