Mable Achagua Mlezi

Kila asubuhi Mable alichemsha chai, akawapaka watoto mafuta, akawasindikiza shuleni. Noah alikuwa darasa la tatu, Susan darasa la kwanza. Kisha yeye mwenyewe alikaza mwendo hadi hospitalini, alikokuwa akifua shuka. Mume wake, Mwandawiro, alifanya kazi ya reli, na siku nyingi alikuwa safarini.

Watoto walitoka shuleni saa saba. Mama yao alitoka kazini saa kumi na moja. Katikati hapo walikaa na Gertrude, binamu ya Mwandawiro.

Kusema kweli, Gertrude hakuchaguliwa na mtu. Mama mkwe alimleta Voi kutoka Chawia pamoja na mzigo wake, akasema, "Huyu ni damu yetu," na mambo yakaishia hapo. Hakuulizwa kama anapenda kukaa na watoto, wala hakuelezwa kazi yake. Kwao, ndugu haulizwi maswali.

Gertrude hakuwa mtu mbaya. Lakini gari moshi la abiria likipiga honi tu, alijitwika karai la ndizi, akaenda stesheni kuwauzia abiria madirishani. Watoto walibaki peke yao. Siku moja Susan alisikia njaa, akataka kupasha uji. Akawasha stovu, moto ukaruka, ukamuunguza mkono.

Mwandawiro aliporudi, Mable alimwambia, "Baba Noah, Gertrude hatakaa tena na watoto wangu."

"Nitamwambia nini mama?" Mwandawiro aliuliza. "Kama humtaki ndugu yangu, acha kazi, ukae nao mwenyewe."

"Kazi siachi. Na Gertrude simtaki."

"Sasa unapigana na ukoo mzima?"

"Kama ni lazima, nitapigana nao. Mkono wa mtoto umeuona."

Mwandawiro akaenda kuutazama tena mkono wa Susan.

Kesho yake Mable alimwendea Loise, mwalimu wa chama cha wanawake, aliyefundisha mambo ya nyumba na malezi. Loise alimsikiliza mpaka mwisho.

"Gertrude alipokuja, ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza kitu, mwalimu. Ni ndugu."

"Hapo ndipo mlipokosea. Mlezi huchaguliwa, hata akiwa ndugu. Muulize amewahi kulea watoto wa nani, kisha uende kwa watu hao ukasikie wenyewe wanasemaje. Akae na watoto wewe ukiwapo, umtazame. Halafu siku nyingine rudi ghafla."

"Na watoto?"

"Waulize pia. Wao ndio wanaokaa naye. Ukisharidhika, mweleze kazi yote: wanakula nini, wanacheza wapi, na nani anaruhusiwa kuwachukua."

Mable alisikia habari za Mideva, mjane kutoka Nyanza aliyeishi katika nyumba za reli. Kabla ya kumwita, alikwenda kwa mke wa karani mmoja. Mideva alikuwa amewalea watoto wa mama huyo miaka mitatu.

"Wangu wamekua," mama yule alisema. "Ndiyo sababu tu aliondoka."

Basi Mable akamwita Mideva, na siku mbili za mapumziko yake akakaa naye nyumbani. Siku ya tatu aliomba ruhusa kazini, akarudi bila taarifa. Noah alikuwa akisoma kitabu kwa sauti, na Mideva alichambua mchicha huku akimsikiliza. Stovu ilikuwa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto.

"Unamwonaje?" Mable alimuuliza Susan kando.

"Nikimuuliza kitu, ananijibu."

Basi Mideva akachukua kazi. Gertrude hakununa hata kidogo. Moyo wake ulikuwa kwenye ndizi tangu zamani. Walionuna ni majirani.

"Unampa mtu wa Nyanza watoto wa Kitaita?" walimuuliza Mable.

"Siku mtakayomwona amewaacha peke yao, njooni mniambie. Mengine sitaki kuyasikia."

Habari zikafika Chawia. Alasiri moja mama mkwe akatokea mlangoni, jasho likimtoka.

"Wafungie watoto nguo zao," alimwamuru Mideva. "Nawapeleka kwetu."

Mideva alimwamkia kwa heshima, akampa kiti na chai. "Tafadhali mngoje mama yao. Hajaniambia kwamba watasafiri."

"Mimi ni nyanya yao."

"Najua, mama. Wamefurahi kukuona. Lakini hawatoki."

Mable aliporudi, alimkuta mama mkwe amekaa vilevile, chai hajaigusa.

"Mgeni huyu amenizuia kuchukua wajukuu wangu."

"Mimi ndiye niliyemwambia asimpe mtu yeyote watoto."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Mama mkwe alimvuta Susan karibu. Akaushika mkono wake, akalitazama kovu kwa muda mrefu. Alikuwa hajaliona.

"Gertrude angenipa bila kuuliza," alisema taratibu. "Angempa hata mtu mwingine." Kisha akamgeukia Mideva. "Mama, hii chai imepoa. Naomba nyingine."

Alilala hapo, na asubuhi akarudi Chawia peke yake. Wenzake walimuuliza wajukuu wako wapi.

"Wako Voi na mlezi wao," alijibu. "Na msijisumbue kwenda kuwachukua. Hata mimi nilinyimwa."