Ulimi wa Zambarau

Kobe alipofika jukwaani, treni ilikuwa imeshaanza kuondoka.

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na tisa, goti moja bovu, vifungo vya koti vimekwenda kombo. Behewa la mwisho lilikuwa likimpita. Akadaka chuma cha mlango, miguu ikaburura kokoto, kisha akaangukia ndani kama gunia.

"Umepanda?" Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni.

"Nimepanda. Mtu wetu anafananaje?"

"Mgeni. Suti. Mkoba wa ngozi."

"Mkuu, hii ni treni ya mpakani. Imejaa wageni wenye suti na mikoba."

"Basi tafuta."

Mkuu akakata.

Basi tafuta! Miaka thelathini na moja ya ujasusi, na maagizo ni yale yale. Idara ilimpa kalamu inayopiga picha lakini haiandiki, na saa inayonasa sauti lakini haisemi ni saa ngapi. Vitu viwili tu alivyoviamini ni bastola yake, Walther, na masikio yake mwenyewe. Nayo masikio yalikuwa yameanza kumsaliti.

Kilichoibwa kilikuwa karatasi tu. Fomu za wadhamini elfu mbili wa Muuguzi.

Muuguzi alikuwa mbunge. Kabla ya hapo alifunga watu vidonda kwa miaka ishirini, ndiyo maana jina likamganda. Kila alikopita watu waliimba, "Gombea! Gombea!" Leo saa kumi alasiri pazia la kurudisha fomu za urais lingefungwa. Tume ya Uchaguzi haipokei nakala. Inataka karatasi zenyewe, zenye alama ya dole gumba la kila mdhamini.

Alfajiri, dereva wake alizichukua akisema anazipeleka Tume. Akampelekea mgeni mmoja, mtu wa kazi chafu wa kampuni ya madini ya ng'ambo. Wakubwa wa kampuni walijua mikataba yao itafumuliwa siku Muuguzi atakapoapishwa. Walitaka kuziona fomu kwa macho yao, ndipo wazichome.

Zikivuka mpaka, basi tena.

Kobe alipiga simu. Muuguzi alikuwa mke wa mdogo wake, kwa hiyo hakukuwa na haja ya uheshimiwa.

"Shemeji, bado unapumua?" aliuliza Muuguzi.

"Kwa taabu. Nikizipata, unaziwasilisha?"



"Sijaamua."

"Hujaamua!"

"Nikigombea urais napoteza kiti cha bunge, sheria ndiyo hiyo. Na muswada wa wajawazito kujifungua bure uko kwenye kamati yangu. Umebakiza wiki tatu upigiwe kura. Nikiondoka leo, atakayekuja ataukalia mpaka uoze."

"Ukiwa rais utapitisha miswada mia!"

"Nikiwa. Na nisipokuwa?"

"Nchi nzima inakuimba wewe!"

"Kuimba si kura, shemeji."

"Mimi nimening'inia kwenye treni kwa ajili yako!"

"Ulitaka nikudanganye kwa sababu umening'inia?"

Kobe alikata simu. Alitamani kuitupa dirishani. Lakini ilikuwa Nokia, na ingerudi nzima.

Mkaguzi wa tiketi, mama mnene mwenye miwani, alimkuta akihema.

"Mama, nikopeshe kofia."

"Kofia ya kazi? Wewe nani?"

Akamwonyesha kitambulisho. "Nchi inakuomba."

"Nchi iirudishe bila jasho," mama akasema, akamvisha mwenyewe.

Behewa la kwanza, hola. La pili, hola. La tatu, suti tatu na mikoba mitatu ya ngozi.

Wa kwanza alikuwa amelala. Tiketi sawa. Wa pili alikuwa akifoka kwenye simu kuhusu mke wake. Tiketi sawa. Wa tatu aliinua uso, akatabasamu.

"Habari za asubuhi, ndugu mkaguzi?"

Kiswahili kimepigwa pasi. Kucha safi. Suti safi.

Ulimi wa zambarau.

Kobe akaelewa. Wino wa dole gumba ni wa zambarau na hukawia kukauka, nao wadhamini wa mwisho walikuwa wamebonyeza alfajiri hiyohiyo. Bwana huyu hakumwamini dereva. Alikaa akakagua fomu moja baada ya nyingine, na kila akifungua karatasi alilamba kidole, kama karani wa zamani. Baadaye akanawa mikono kwa sabuni. Lakini nani hunawa ulimi?

"Salama, bwana. Naomba nione mkoba."

"Mkoba? Kwa nini?"

"Ulimi wako umeshasema."

Tabasamu lilikufa. Mkono ukaingia ndani ya koti.

Kobe hakungoja. Alimpiga kwa goti zima. Bastola ikaanguka chini ya viti. Wakaviringana kwenye njia katikati ya mabegi, mgeni akimkaba koo, yule wa simu akipiga mayowe, "Wanauana huku!" Kobe alinyoosha mkono, akavuta breki ya dharura.

Treni ililia. Kila kisichofungwa kikaruka.

Mgeni naye akaruka. Paji la uso lilikutana na ukuta.

Klik. Pingu.

"Mama! Huyu ni wako mpaka polisi wa reli wafike. Na kofia hii hapa."

"Ina jasho!"

Saa tano na nusu. Kobe alishuka porini na mkoba, akatembea hadi barabarani, akasimamisha pikapu ya Toyota iliyobeba kabichi. Pancha mara mbili. Foleni ya lori. Kila dakika alitukana kimoyomoyo.

Saa kumi kasoro dakika sita aliingia kwenye korido ya Tume. Nje umati uliimba. Ndani Muuguzi alikaa peke yake kwenye benchi.

Kobe aliweka mkoba mapajani mwake.

Muuguzi aliufungua. Alisoma majina mawili, matatu. Akagusa alama moja ya dole gumba. "Huyu mtoto wake alifia mikononi mwangu. Walikosa ada ya kitanda."

"Mheshimiwa," karani aliita dirishani, "dakika mbili."

Muuguzi alifunga mkoba.

"Funga dirisha, mwanangu."

Kobe aliupiga mkoba kofi. "Yaani wale wezi wangelala tu nyumbani wangepata walichotaka!"

"Wangenichagulia wao. Sasa nimechagua mimi."

"Tofauti iko wapi?"

"Keshokutwa nina kikao cha kamati. Njoo uione."

"Mwambie mdogo wangu leo sili kwenu."

Alifunga vifungo vya koti, safari hii sawasawa, akatoka taratibu katikati ya watu waliokuwa bado wanaimba.

Mgeni alikaa rumande miezi miwili, akafukuzwa nchini. Dereva alifungwa miaka minne. Mkuu alipewa nishani. Profesa mmoja aliyegombea badala ya Muuguzi alishindwa vibaya, na kampuni ikaongezewa mkataba. Muswada ulipita kwa kura tatu. Siku hizi wajawazito hawadaiwi kitanda. Kobe alistaafu. Alimnunia shemeji yake miezi saba, kisha wakapatana msibani.

Uchaguzi mwingine unakuja. Muuguzi ameulizwa tena. Anasema anafikiria.