Abiria Tisini wa Kiherehere

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere, kama wenzake walivyomwita, alimsindikiza mama yake stesheni. Mama alikuwa dobi wa hospitali ya mjini, na treni ya saa kumi na mbili ndiyo iliyomfikisha kazini.

Zamani shirika la reli lilipanga safari kwa kumuuliza stesheni masta tu. Mwaka huo mambo yaligeuka. Treni ingesimama pale tu penye abiria wa kutosha, na wanafunzi ndio wangewahesabu. Kiherehere alikabidhiwa fomu, kichwa kikamvimba.

Siku ya kwanza alihesabu abiria arobaini na mmoja. Akaona ni wachache mno. Treni ikiondolewa, mama ataruka kwa mbawa? Akaandika tisini, na wiki nzima hakushuka hapo. Majirani walipopata habari walimpigia makofi. Stesheni masta peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Mjukuu wangu, hao tisini walikaa wapi?"

"Humo humo, babu," akajibu kwa macho makavu.

Njia ya mwongo ni fupi. Haukupita mwezi, barua ikabandikwa ukutani: treni nzima ina viti themanini, hivyo hesabu ya stesheni hii haiaminiki, na treni haitasimama tena. Mwishoni waliandika kiwango kilichotakiwa. Abiria thelathini.

Kiherehere aliisoma mara mbili. Wale arobaini na mmoja wangetosha na kusaza! Alilia kwa aibu, kisha akamwomba stesheni masta ampeleke ofisi ya mipango ya reli, akaungama mwenyewe.

"Tutahesabu upya baada ya miezi mitatu," ofisa alisema bila kuinua macho. "Ratiba imeshatoka."

Miezi mitatu! Mama alikwenda kazini kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Alichelewa, akaonywa, akachelewa tena. Mwezi wa pili aliachishwa kazi. Wale majirani wa makofi sasa walimpita Kiherehere bila salamu.

Siku ya kuhesabu upya treni ilisimama kwa majaribio, na stesheni masta akampa fomu kama ile ile. Alihesabu thelathini na wanne, akaandika thelathini na wanne. Treni ikarudishwa.

Alikimbia nyumbani, akamkuta mama uani akifua mashuka ya watu.

"Mama, treni imerudi!"

"Imerudi kwa wenye kazi," mama alisema. "Mwanangu, najua ulitaka kunisaidia, na nimekusamehe. Lakini aliyeko ofisini hazijui sura zetu. Anatujua kwa ile namba uliyoandika. Ukishampa ya uongo, hata ukweli wetu haupokei kwa wakati."

Kiherehere alisogea karibu na beseni.

"Haya, shika upande huo," mama akamwambia, akimnyooshea ncha ya shuka. "Tukamue."