Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Saa moja asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji.

Mpango aliueleza Tajiri, na Fundi alimsikiliza kama unavyomsikiliza mlevi aliyekaa kwenye njia yako. Jina la Tajiri walimpa kwa dhihaka. Mtu mzima huyu hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Balaa ni kwamba alikuwa amemwoa dada yake Fundi, kwa hiyo Fundi alilazimika kumwita shemeji.

Kazi ilikuwa hivi. Mwenye duka la saruji alivuka mpaka akanunua gari jipya kabisa, maana huko ng'ambo bei ni nafuu. Leo analiingiza nyumbani. Gari halitoki yadi ya forodha bila karatasi ya kutokea, na karatasi haitoki bila ushuru. Basi wangemwacha bwana saruji alipe, apange foleni, avuje jasho lake lote. Ndipo wamwibie.

Aliyekuwa akimshughulikia karatasi ni Wakala, na Wakala alikuwa wao. Alikaa juu ya tairi bovu, tai shingoni, anajifuta viganja kwenye suruali. Mwizi wa kuvaa tai, Fundi aliwaza, na anatetemeka kama amekuja kung'olewa jino.

Karatasi ikishatoka, Wakala amwambie mteja imebaki sahihi moja, ghorofani, na ufunguo amwachie yeye. Tajiri, ndani ya kizibao cha kung'aa cha vibarua wa yadi, atoke na gari hadi hapa. Fundi alichinje: milango kando, injini kando, viti kando. Kufika saa nane hakuna gari.

"Moja kwa moja," Fundi akasema. "Husimami popote, hata mkojo ukikubana."

"Nimekusikia, shemeji."

Mitaa miwili kutoka hapo aliishi mama yake Fundi, mguu wake mbovu umenyooshwa kwenye kigoda, akiwaambia majirani kwamba mwanawe anakula kwa mikono yenye grisi, riziki safi. Fundi alimdharau kila mtu aliyemjua, isipokuwa yeye. Angekubali kukaa jela miaka kumi, mradi mama asijue sababu.

Saa nne na nusu. Nje ya yadi ya forodha.

Fundi aliinamia injini ya pikapu yake ng'ambo ya barabara, akijifanya anatengeneza. Kupitia uzio alimwona bwana saruji akifuta taa ya gari kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Akalipiga picha. Akarudi nyuma, akalipiga tena. Mjinga huyu hata mkewe hajawahi kumtazama hivyo, Fundi akawaza.

Wakala akamnong'oneza. Bwana saruji akapanda ngazi, faili kifuani.

Gari likasogea. Mlinzi wa geti akasoma karatasi, akatazama kizibao, akapiga saluti. Tajiri naye akajibu saluti, zuzu huyo, badala ya kuondoka.

Fundi akapita njia ya mkato hadi gereji, akafungua milango yote miwili, akapanga spana zake. Akangoja, akangoja tena. Gari halikuja.

Saa tano na nusu. Gereji.

Simu ikalia.

"Shemeji," Tajiri akasema, "kitu hiki hakina kelele kabisa. Nailoni bado iko kwenye viti."

"Uko wapi?"

"Barabara ya hospitali. Nina mgeni wa heshima. Nimemweka nyuma kama waziri. Nikimshusha tu, nakuja."

Akakata. Fundi alibaki na simu sikioni. Mgeni wa heshima. Dada yake anafua nguo za watu hadi vidole vinachubuka, na huyu anatembeza hawara kwenye gari la wizi, mchana kweupe.

Simu ya pili ilikuwa ya Wakala, analia waziwazi. Bwana saruji ameshuka ngazi, polisi wamejaa yadi, watu wanaulizwa ufunguo alikuwa nao nani.

Fundi alifikiri haraka, na alijisifu kwa jinsi alivyofikiri. Tajiri akija sasa, atakuja na polisi mgongoni. Akikamatwa gereji, wamekwisha wote. Akikamatwa barabarani, ni mwizi mmoja. Na Tajiri, pamoja na upumbavu wake wote, hana mdomo. Aliwahi kupigwa siku tatu mahabusu asimtaje mtu.

Akapachika laini ya simu isiyo na jina lake. Akawapa polisi rangi ya gari, namba zake za muda na barabara. Akanawa mikono. Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia wiki nzima.

Hajajikausha, dada yake akapiga. Alikuwa anacheka.

"Kaka, majirani wote wametoka nje. Mume wangu kaja na gari la kazini, kampakia mama, anampeleka hospitali na ule mguu wake."

Fundi alidandia pikipiki ya mtu.

Saa sita kasoro. Barabara ya hospitali.

Gari la polisi lilikuwa limekata njia. Tajiri alilala kifudifudi kwenye lami, kizibao bado mwilini. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mama alikaa juu ya nailoni, mkoba mapajani, khanga yake ya kutokea imepigwa pasi. Askari alimuuliza yeye na mwizi huyu wanahusianaje.

Mama akafungua kinywa.

"Simjui bibi huyo," Tajiri akasema kutoka chini. "Nimemkuta anachechemea njiani, nikampa lifti."

Askari akampiga teke la mbavu. Tajiri akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi.

Mama alimtazama kwa muda. "Ni kweli," akasema. "Hatujuani."

Walipomwinua, Tajiri alimwona Fundi katikati ya watu. Akampitisha macho kama anayepitisha macho kwenye nguzo ya umeme. Fundi angeweza kusogea. Hakusogea hadi gari la polisi lilipoondoka.

Ndipo akaenda kumshika mama mkono, wakaanza kurudi kwa miguu. Mama alitembea kwa maumivu.

"Miaka yote nimemwita mwizi," akasema. "Na ni mwizi kweli. Lakini amenikana ili nisilale ndani leo."

"Twende taratibu, mama."

"Yule askari alisema kuna mtu kawapigia simu. Mtu anayemjua."

Fundi akajibu kwamba mjini watu ni wabaya.

Mama akasimama kupumzisha mguu, akamwegemea kwa uzito wake wote.

"Huyo aliyepiga hana mama," akasema.

Fundi akaukaza mkono wake, mama asianguke.